Moto Nisiouwasha

Mimi ndiye niliyechoma nyasi za kijiji. Kama huamini, muulize mtu yeyote kuanzia barabarani hapa mpaka kule ukingoni, njia inapoanza kushuka kwenda Mtowisa. Watakuonyesha nyumba yangu kabla hujamaliza swali. Watoto wa shule wamenipa jina, Mama Moto, wanalitamka wakiwa mbali kidogo kisha wanatimua mbio. Jina langu hasa ni Silvana. Nilikiri kwa mdomo wangu mwenyewe mbele ya mkutano wa kijiji, na mtendaji akaandika. Na bado nakuambia sikuchoma hata unyasi mmoja.

Marehemu mume wangu, Raymond, aliniachia shamba moja la maana, ng'ambo ya kijito. Alipofariki nililipumzisha. Siku hizi watu wanalima kwa ng'ombe na mbolea ya dukani, mwaka hadi mwaka palepale, mpaka udongo umepauka. Mimi nilikataa. Niliacha nyasi ziote misimu minne, nikiishi kwa vibarua na kibustani cha nyuma ya nyumba, huku wenzangu wakinicheka kwamba Silvana anafuga nyasi. Nichekeni tu, niliwaambia, mtakuja kuniomba mbegu.

Maana Mfipa anayejua kazi hachomi nyasi. Anazilaza, anazifunika kwa udongo, anajenga ntumba, yaani lile tuta la duara linalofika magotini, na humo ndani nyasi zinaoza taratibu. Juu yake unapanda maharage. Mvua za msimu unaofuata zikianza unalibomoa tuta, unalisambaza, unapanda ulezi juu ya udongo mweusi unaonuka vizuri. Nyasi ndiyo mbolea yetu. Anayezichoma huku kwetu ni sawa na anayemwaga unga njiani, na bibi yangu angemtandika.

Sasa shamba lenye nyasi za misimu minne halilimwi na mwanamke mmoja. Nilipika kimpumu, pombe yetu ya ulezi, nikaalika watu. Nilichelewa, kwa sababu baridi ilifanya ulezi wangu ugome kuota, ikabidi niloweke mwingine upya. Siku ya kulima ilipofika mvua zilikuwa zinaaga na nyasi zimeshageuka rangi. Lakini walikuja! Ukialika kwa pombe nzuri hakuna anayeumwa mgongo. Alikuja shemeji yangu Baltazari, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye mwenyekiti wa kijiji. Alikuja jirani yangu Debora, sauti yake ya kuimbisha inasikika mpaka zahanati. Alikuja Mboje, Msukuma mwenye ng'ombe kule bondeni, aliyekuwa anapita tu na madume yake ya kuuza. Alipokuta watu wanalima akaomba jembe. Na pembeni yangu kutwa nzima alikuwa binti yangu wa pekee, Fortunata, mimba yake ikiwa bado changa. Yeye analaza nyasi, mimi nafukia.

Asubuhi shamba lilikuwa la njano. Jioni lilikuwa jeusi lote, ntumba kwa ntumba, kama mtu aliyepanga vyungu juani. Tulikaa kuzunguka pombe, kila mtu na mrija wake, maji ya moto yanaongezwa, na Baltazari akasema shamba la namna ile hajaliona tangu utotoni. Nilikuwa na furaha siku ile. Niliona njaa imenihama.

Hapo ndipo inapoingia habari ya tozo, na bila kuijua hutaelewa kwa nini watu wazima walinitenda walivyonitenda. Halmashauri ilikuwa imeleta mpango. Malori ya mkaa na ya mbao yanatozwa kizuizini, tozo ya mazingira, na sehemu ya fedha hiyo inarudi vijijini, kwa vijiji visivyochoma nyasi wala misitu. Anayeharibu analipa, anayetunza analipwa. Walipotueleza hivyo nilipiga makofi kama wengine, maana yalikuwa maneno ya haki, na hata leo sijayakataa. Anayeangalia kama mmechoma ni mtambo ulioko huko juu angani. Unapiga picha. Likionekana doa la moto, kijiji kinakosa mgao wa mwaka huo. Isipokuwa kijiji chenyewe kimtaje mchomaji, kimwadhibu kwa sheria zake ndogo na kupeleka taarifa. Hapo kinahesabiwa ni kijiji kinachojisimamia, na mgao unakuja.

Mgao ule tulikuwa tumeshaula kwa macho. Kwenye zahanati tulikuwa tumejenga kuta za chumba cha kujifungulia, kwa tofali zetu na migongo yetu, na kuta zimesimama wazi mvua zinaziosha. Wanawake wetu wanajifungulia njiani kwenda Sumbawanga, juu ya pikipiki, kwenye matope. Debora alimpoteza mkwe wake namna hiyo, yeye na mtoto, kabla hawajaifikia lami. Bati zingetoka kwenye mgao. Mimi nami nilibeba tofali, nikijua Fortunata hayuko mbali na siku hiyo.

Mwezi wa nane picha ikaja. Aliyeileta ni kijana wa mazingira kutoka halmashauri, Leonidas, mpole, ana pikipiki na kishikwambi chake. Kwenye kile kioo kijiji kizima kilikuwa safi, halafu ng'ambo ya kijito doa jeusi. Picha ya kabla inaonyesha nyasi, picha inayofuata inaonyesha weusi mtupu. Moto ndivyo unavyofanya, leo nyasi, kesho weusi, na mtambo haujui kitu kingine kinachogeuza shamba haraka kiasi kile. Ningelima peke yangu, tuta moja leo na moja kesho, usingeona kitu. Ni wingi wa watu waliokuja kunisaidia uliofanya shamba lionekane limeungua.

Baltazari alikuja kwangu peke yake. Akitaka kitu huanza na marehemu, kwa hiyo aliposema tu, "Kaka Raymond angekuwepo," nikaweka chini sufuria niliyokuwa nasugua.

"Sema shida yako, shemeji."

"Picha imeonyesha shamba lako limechomwa."

"Si ulikuwepo mwenyewe? Mwambie kijana ni ntumba."

"Nimemwambia. Anasema tunaweza kukata rufaa. Rufaa inakwenda Dodoma, jibu ni mwakani, na mgao wa mwaka huu utakuwa umeshakwenda kwa wenzetu wa Chala au wapi huko. Bati hatutaziona."

"Kwa hiyo?"

Akajikuna shingo. "Tulikuwa tunafikiria Mboje. Ana ng'ombe, halafu ni Msukuma. Wilayani wataamini hata bila kuuliza. Wewe useme tu ulimwona."

Nilicheka, nakwambia, cheko la hasira. "Mboje alishika jembe pale mpaka jua likazama. Wewe ulijenga matuta mawili ukahamia kwenye chungu. Au niseme nilikuona wewe?"

"Basi utusaidie wewe mwenyewe," akasema, haraka kama mtu anayetema kitu cha moto. "Shamba litafungwa misimu mitatu, na faini kidogo. Ni adhabu ya kwenye karatasi, shemeji. Sisi wote tutajua ukweli."

Misimu mitatu! Nililala njaa misimu minne kuliandaa, na yeye anaiita adhabu ya karatasi. Nikamwambia atoke kabla sijammwagia maji ya vyombo, na alipojivuta nikayamwaga kweli, yakamlowesha suruali. Akaondoka akisema mkutano ni kesho.

Mkutano ulifanyika zahanati, mbele ya zile kuta zisizo na bati. Usidhani ni kwa bahati. Baltazari si mjinga, alitaka watu waone kitu hicho wakati wa kuamua. Leonidas alinisogelea kabla ya yote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Ni wewe mwenye lile shamba?"

"Ni mimi. Na sikulichoma, tulililima. Uliza hawa, wote walikuwepo."

Akageuka kuwatazama watu. Kila mmoja alikuwa na jambo la kuangalia chini, mwingine kucha zake, mwingine kamba ya kiatu. Baltazari akasimama, akakohoa, akasema anayejua kwamba shamba la Silvana lilichomwa moto anyooshe mkono.

Wa kwanza alikuwa Debora. Yule aliyeimbisha mpaka sauti ikamkauka, akanyoosha mkono huku machozi yanamtoka, kwa sababu alikuwa na mkwe na mjukuu kaburini. Simlaumu. Nasema simlaumu, halafu usiku namlaumu mpaka kunakucha. Baada yake mikono ilikuja kwa makundi, mikono ileile iliyoshika majembe yangu na mirija yangu.

Mboje alikuwa amesimama nyuma na fimbo yake. "Mimi nilikuwepo," akasema kwa sauti. "Tulilima. Pale hakukuwa na moto wowote, ninyi watu, mnaogopa nini?"

"Wewe si mkazi wa hapa," mtu akamjibu. "Kaa chini."

"Sikai," akasema Mboje, akaondoka zake. Hakujua walikuwa wametaka kumbebesha yeye, na mimi sijamwambia mpaka leo.

Kisha nikamwona Fortunata. Hakunyoosha mkono juu kama wengine. Aliuinua ukaishia begani, ameinamisha uso, mkono mwingine uko juu ya tumbo lililokwisha kuwa kubwa. Mumewe, Flavian, alikuwa karibu yake akimwangalia aone kama ameinua. Sikusikia uchungu palepale. Nilijiona kama nimevuliwa nguo mbele za watu, na aliyenivua ni niliyemzaa.

Leonidas hakufurahi. Ni mtu wa haki yule, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. Alikuja mpaka karibu yangu akasema, "Mama, mimi sipendi kuandika uongo. Twende sasa hivi na jembe moja. Tukifungua tuta tukakuta nyasi zinaoza bila kuungua, hakukuwa na moto. Nitaandika hivyo, na rufaa nitaipeleka mwenyewe."

Watu wote wale walijua kilichomo ndani ya ntumba, maana walikiweka wao. Jembe moja tu na ningerudi kutoka ng'ambo ya kijito nikiwa Silvana yuleyule, na wao wakiwa waongo mbele ya serikali. Miguu yangu ilishaanza kwenda. Nilikitaka kitu hicho kuliko chakula.

Halafu nikaona zile kuta, na mbele yake tumbo la mwanangu. Mvua zitaanza, njia ya mjini itakuwa uji, na siku zake zitafika katikati ya uji huo. Alikuwa ameninyooshea mkono, ndiyo, lakini ni wangu, sina mwingine.

"Nilichoma," nikasema.

"Mama, una hakika?"

"Nimesema nilichoma mimi. Andika."

Debora akapiga kigelegele, kisha akajiziba mdomo kwa kanga. Mtendaji akaandika. Leonidas alifunga kishikwambi chake bila kuaga mtu, na nadhani alinidharau, jambo ambalo halikuwa haki lakini ningelieleza vipi?

Faini ilichukua mbuzi wangu wawili. Mgambo wakaja kuweka kibao ng'ambo ya kijito, eneo limefungwa. Mvua zilipoanza nilikwenda kusimama kando ya shamba. Ntumba zimejaa mbolea ya misimu minne, zinasubiri kubomolewa, na mimi siruhusiwi kugusa hata moja. Nilitazama maji yakizimomonyoa kidogo kidogo, ule weusi unateremka kijitoni. Mwaka ule nilipalilia mashamba ya watu, likiwemo la Baltazari, na jioni napewa kisado cha mahindi kama mgeni.

Bati zilikuja, za buluu. Fortunata alijifungua chini yake katikati ya mvua kubwa, mtoto wa kike, mzima, mama mzima. Wakampa jina Asnath. Nilifurahi, sitasema sikufurahi. Nilimpakata mjukuu wangu pale kitandani nikiangalia juu, na kila bati nililijua limetoka wapi.

Mwanzoni watu walikuwa wananikonyeza. Tukikutana njiani, "Mchomaji hujambo?" na tunacheka, na mwingine ananiletea bakuli la unga jioni bila kusema neno. Nilivumilia kwa sababu ya makonyezo hayo. Nilijua wanajua.

Kisha wakaja wageni kuona kijiji cha mfano. Baltazari aliwasimulia habari ya mama mmoja aliyekuwa mchomaji sugu, na jinsi kijiji kilivyomrekebisha. Sugu! Moto mmoja ambao haukuwepo sasa umezaa mingine. Aliniita nisimame wanipige picha. Nilitazama watu nione nani atanikonyeza, na wote walikuwa wanapiga makofi kwa moyo wao wote.

Siku moja moto wangu ulizimika, nikaenda kuomba makaa kwa jirani, nikawa narudi nayo kwenye kigae. Nikapishana na Debora.

"Silvana, hayo makaa," akasema. "Angalia upepo, tafadhali. Tusije tukapata shida nyingine."

Nikasubiri acheke. Hakucheka. Alisimama akaangalia mpaka nimeingia nyumbani kwangu na kigae changu.

Sasa nikueleze la mwisho, halafu uende zako. Kiangazi hiki, Fortunata alikuja kunisaidia kumenya maharage ya kibustani. Alifika asubuhi, jua limeshapanda. Asnath alikuwa ameanza kusimama dede, nimempakata, ananivuta masikio. Mchana moshi ukaonekana kule ukingoni, mkubwa, wa kweli safari hii. Hatukuwa tumemaliza kuuzungumzia, Baltazari akatokea na mgambo wawili. Hawakwenda kwenye moshi kwanza. Walikuja kwangu.

"Shemeji, umeshinda wapi leo?"

"Muulize mwanangu."

"Ameshinda hapa," Fortunata akajibu bila kusita, akasimama kabisa. "Mimi niko naye. Mna nini na mama yangu?"

Nikasikia raha moyoni. Ni mara ya kwanza tangu mkutano ule mtu ananisemea, na ni yeye. Mgambo mmoja alichungulia jikoni, akachokoa majivu yangu kwa kidole cha mguu, wakaondoka. Tukarudi kwenye maharage. Nilitaka kumwambia asante nikaona haya, nikaanza kumwimbia mtoto.

Baada ya muda akaniita, taratibu, macho yako kwenye ungo.

"Mama."

"Sema, mwanangu."

"Wale wameshakwenda, tuko wawili tu. Ule wa kule ukingoni si wewe kweli? Asubuhi, kabla sijafika?"

Mtoto alikuwa ameshika kidole changu. "Na ule wa kwanza?" nikamuuliza.

Akainua uso, ananishangaa. "Ule wa kwanza si ulikiri mwenyewe, mama?"

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilimchungulia machoni nikitafuta yule aliyelaza nyasi pembeni yangu kutwa nzima, tukipokezana, viganja vyake vimechanika mpaka jioni nikampaka mafuta. Alikuwa ananitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mzazi mwenye tabia mbaya anayempenda hivyohivyo. Moyo uliniuma kuliko siku aliyoniinulia mkono, maana siku ile alikuwa anajua.

"Wa leo sikuwasha," nikamwambia.

"Haya, mama," akasema, akachukua ganda jingine la maharage.